Je, ni Lazima Kuzima Simu Ndani ya Ndege?

SWALI: Bwana Mhandisi, mwezi uliopita nilipanda ndege kutoka hapa Mombasa kwenda Nairobi kumtazama binti yangu aliyejifungua. Kabla hatujaruka, mhudumu alitangaza kwamba simu zote zizimwe au ziwekwe katika hali ya ndegeni (airplane mode). Mimi yangu niliizima kabisa. Kijana aliyeketi kando yangu hakujishughulisha. Aliendelea kuandikiana na wenzake mpaka magurudumu yakaacha ardhi. Nilipomkumbusha alicheka, akasema hayo ni mambo ya kale, na kwamba kama simu zingekuwa zaangusha ndege, basi zingekwisha kuanguka zote. Tulifika salama, lakini maneno yake yamenikaa moyoni. Je, kuzima simu ni lazima, au twatishwa bure? — Mama wa Tudor, Mombasa.

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kupata mjukuu. Nimefanya kazi ya kutengeneza redio na vyombo vya kuongozea ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko lako. Nimeulizwa harusini, nimeulizwa hata nikingoja feri Likoni. Kwa ufupi, katika ndege nyingi za abiria za leo si lazima simu izimwe kabisa, kwa hiyo wewe ulifanya zaidi ya ulivyotakiwa. Kuiweka katika hali ya ndegeni, pale mhudumu anapoagiza hivyo, ni lazima, kwa hiyo kijana yule alifanya pungufu. Hoja yake ya kwamba ndege zingekwisha kuanguka zote ina ukweli ndani yake, ila inamjibu mtu ambaye hayupo, maana hakuna mhandisi ninayemjua anayedai kwamba simu moja huangusha ndege. Tunachodai ni jambo dogo zaidi: kwamba ziko dakika chache katika kila safari ambazo rubani anahitaji vyombo vyake viseme kweli tupu, na kwamba si yeye wala wewe mnaoweza kujua ni simu ipi kati ya zote zilizomo itakayovisumbua, na lini.

Simu ya mkononi ni redio inayopokea na kutuma, na haiachi kutuma kwa sababu tu umeitia mkobani. Kila baada ya muda hujitambulisha kwa mnara ulio karibu ili mtandao ujue ilipo, na kila inapohama kutoka eneo la mnara mmoja hadi jingine hujitambulisha upya. Nguvu inayotumia kufanya hivyo hubadilika kulingana na umbali. Ukiwa umeketi chini ya mnara, simu hunong'ona. Ukiwa mbali, hupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya kivuko. Simu za mtandao wa zamani wa GSM, katika masafa (kasi ya mtetemo wa mawimbi) ya megahezi 900, ziliruhusiwa kufika wati 2 wakati wa kutuma. Za 4G za leo kwa kawaida huishia kama wati 0.2. Sasa itie simu hiyo ndani ya bomba la aluminiamu, ulipeleke angani kwa kasi, mbali na minara, na utaona kwamba mahali ambapo tungependa inong'one ndipo inapopiga kelele kwa nguvu zake zote.

Vyombo vya ndege, kwa upande wake, husikiliza sauti hafifu mno. Mfumo unaomwongoza rubani kuilenga njia ya kutua hutumia masafa ya megahezi 108 hadi 112 kwa upande wa kushoto na kulia, na megahezi 329 hadi 335 kwa mteremko. Mazungumzo na mnara wa kuongozea ndege hupita kati ya megahezi 118 na 137. Mawimbi ya GPS, ambayo yanatoka kwenye satelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 na zaidi, hufika kwa megahezi 1,575.42 yakiwa yamechoka kabisa. Msomaji makini atasema hapo: mbona simu hutumia megahezi 800, 900, 1,800, 2,100 na nyinginezo, na hakuna hata moja iliyo sawa na hizo? Ni kweli, na ndiyo sababu ndege hazianguki. Lakini kila chombo cha elektroniki huvuja kidogo nje ya masafa yake halali, na uvujaji huo una njia mbili za kuleta taabu. Waweza kutoka kwa madirisha, ukatambaa juu ya kiwiliwili cha ndege na kuingia kwenye antena zilizobandikwa nje, kama mgeni aliyebisha hodi mlango wa mbele. Au waweza kuingia moja kwa moja kwenye nyaya na visanduku vilivyo chini ya sakafu na nyuma ya kuta, bila kupitia antena yoyote.

Kiwandani uvujaji huo hupimwa na kudhibitiwa, na sehemu ya udhibiti ni zile sahani ndogo za bati zinazofunika saketi ndani ya simu. Nina neno hapa kwa watu wa mji wangu. Simu iliyofunguliwa mara tatu na fundi wa barabarani, ikabadilishwa kioo, ikatiwa betri isiyo yake, na bati moja likabaki juu ya meza ya fundi kwa kuwa "halina kazi", si simu ile iliyopimwa kiwandani. Itapiga na kupokea vizuri tu, na mwenyewe hatajua lolote. Simu za namna hiyo ni nyingi, nami siwalaumu wenyewe, kwani vioo vya dukani ni ghali. Lakini anayeandika kanuni za usalama ni lazima aihesabu na hiyo.

Marufuku yenyewe ni ya zamani kuliko simu za mkononi, na ilianza na redio ndogo za FM za kubeba. Watu wengi hudhani redio ya kupokea haitumi chochote, nayo hutuma: ndani yake mna kitoa-mawimbi kinachofanya kazi megahezi 10.7 juu ya stesheni unayoisikiliza. Abiria akifungua stesheni ya megahezi 98, redio yake huzalisha ndani kwa ndani wimbi la megahezi 108.7, ambalo limo ndani ya masafa ya kuongozea utuaji. Hapo hapakuwa na uvumi wala hofu, ni hesabu ya kujumlisha tu, na katika miaka ya 1960 Marekani ikatunga kanuni ya kuzuia vyombo vya elektroniki vya abiria isipokuwa vile ambavyo shirika la ndege limejiridhisha kwamba havina madhara. Nchi nyingine zilifuata mkondo huo.

Simu zilipokuja, sababu ya pili iliongezeka, na hii wengi hawajapata kuisikia kwa kuwa haihusu ndege hata kidogo. Mwaka 1991 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga marufuku matumizi ya simu za mkononi angani ili kuilinda mitandao iliyo chini. Mtandao wa simu umejengwa kwa kudhani kwamba uko ardhini, kwamba majengo na vilima vinakuficha, na kwamba ni minara michache tu inayokusikia kwa wakati mmoja. Ndege iliyo kimo cha mita 10,000 juu ya Mtito Andei ina upeo wa macho wa takriban kilomita 350 kila upande. Minara ya Mombasa na ya Nairobi yote imo ndani ya duara hilo. Simu moja hapo juu yaweza kusikika na minara mingi mno kwa pamoja, huku ndege ikikata kilomita 13 kwa dakika. Minara yenyewe imeelekezewa chini, kwa watu, ndiyo maana simu inayopigwa kutoka kimo kikubwa kwa kawaida haishiki au hukatika upesi, na ndiyo maana aliyeiacha yake wazi hufika akiwa na betri iliyokauka kwa sababu ya kuutafuta mtandao njia nzima.

Je, kuna ushahidi wowote kwamba simu au kompyuta imewahi kuleta taabu halisi? Hapa lazima niseme kwa uangalifu, maana pande zote mbili hupenda kutia chumvi.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni ule wa masikioni. Kila aliyekuwa na simu ya GSM karibu na spika anaujua mlio ule wa "dididit-dididit" unaotangulia simu kuingia. Marubani huusikia vilevile katika hedifoni zao, juu ya sauti ya mwongozaji wa ndege, na nimewahi kuletewa malalamiko ya namna hiyo nikaenda kukagua redio na nisiipate na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa mfukoni mwa mtu. Mlio huo hauangushi chochote. Lakini mwongozaji akisema "shuka hadi futi 4,000" na tarakimu ikamezwa na mlio, itamlazimu rubani aulize tena, katika wakati ambao angependa awe anafanya jambo jingine.

Mwaka 1995 iliripotiwa kwamba kompyuta ya abiria mmoja ilisababisha mtambo wa kujiendesha wa Boeing 737 kujizima wenyewe ndege ikiwa angani. Boeing hawakupuuza: waliinunua kompyuta ile ile kutoka kwa mwenyewe, wakaipima maabara, kisha wakairusha katika ndege ile ile. Tatizo halikujirudia. Mtu wa upande wa kijana wako atasema, "Unaona? Uongo mtupu." Mimi nilivyofunzwa kazi hii, tatizo lisilojirudia si tatizo lisilokuwepo, kwa sababu waya uliochakaa kidogo waweza kusumbua leo na kesho ukatulia. Hata hivyo nakubali kwamba kisa hicho hakithibitishi kitu.

Kisa kizito zaidi ni cha New Zealand. Tarehe 6 Juni 2003, ndege ndogo ya kukodi aina ya Piper Chieftain ilianguka ikikaribia kutua Christchurch katika hali mbaya ya hewa, na watu wanane kati ya kumi waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliona kwamba rubani aliishusha ndege chini ya kimo kilichoruhusiwa. Waliona pia kwamba simu yake mwenyewe ilikuwa imeunganishwa hewani katika dakika za mwisho, na wakaandika kwamba huenda simu hiyo ilikifanya chombo cha kuongozea utuaji kitoe ishara zisizo sahihi. Neno lao lilikuwa "huenda", na mimi silibadilishi. Ila tazama mahali ilipokuwa: ndani ya chumba cha rubani, karibu na vyombo, katika ndege ndogo, wakati wa kutua. Masharti yote mabaya yalikuwa yamekutana.

Na kwa wanaosema ndege kubwa za kisasa haziguswi, liko agizo la mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, la mwaka 2014, lililotaka skrini fulani za rubani zilizotengenezwa na Honeywell zibadilishwe katika ndege za Boeing 737 na 777, zaidi ya 1,300 zilizosajiliwa nchini humo, kwa muda wa miaka mitano. Wakati wa majaribio ya kufunga vifaa vya waifai, skrini hizo zilizimika kwa muda zilipopigwa na mawimbi hayo. Yalikuwa ni majaribio, wala si ajali, na baadhi ya mashirika ya ndege yalipinga gharama hiyo. Lakini mamlaka haikuona kwamba skrini ya rubani ni kitu cha kubahatisha.

Baada ya hayo yote, waweza kushangaa kwamba kanuni zimelegezwa. Zimelegezwa kwa sababu nzuri. Ndege zilizobuniwa tangu miaka ya 1980 na kuendelea zimejengwa kustahimili mawimbi makali kutoka nje, kama vile ya rada na ya mitambo mikubwa ya utangazaji, na ganda linalozuia hayo huzuia na ya simu. Tarehe 31 Oktoba 2013 FAA ilitangaza kwamba shirika linaloweza kuthibitisha ustahimilivu wa ndege zake laweza kuruhusu vyombo vya abiria vitumike safari nzima, simu zikiwa katika hali ya ndegeni. Ulaya ilifanya vivyo hivyo mwaka huo huo, na Septemba 2014 ikaenda mbele zaidi, ikayaruhusu mashirika yaliyokwisha kufanya tathmini yao yaamue hata kuhusu simu zilizo wazi. Kabla ya hapo, Machi 2008, Emirates walikuwa wamekwisha kuwawezesha abiria kupiga simu angani, kwa kufunga kituo kidogo cha simu ndani ya ndege yenyewe. Jambo hilo huonekana kama kinyume cha kila nilichoeleza, lakini ni kanuni ile ile: mnara ukiwa mita chache juu ya kichwa chako, simu haina haja ya kupaza sauti.

Kwa hiyo jibu hutegemea ndege uliyopanda, na hapo ndipo kijana wako alipokosea zaidi, kwa kuwa alijitwalia uamuzi usio wake. Kanuni za anga, za hapa Kenya chini ya mamlaka yetu ya usafiri wa anga, KCAA, na za nchi nyingine, humwachia mwenye shirika kuamua ni vyombo gani vinafaa katika ndege gani, na humwachia kapteni neno la mwisho. Kapteni akisema simu zizimwe kabisa, zizimwe, hata kama juma lililopita katika ndege nyingine uliruhusiwa. Huenda kuna ukungu na atatua kwa kutegemea vyombo peke yake. Huenda amesikia mlio katika hedifoni. Hana wakati wa kukueleza. Utawaona marubani wenyewe wakitumia tableti, na wengine hulifanya hilo hoja. Tableti zile zimekaguliwa na kuruhusiwa kwa kazi hiyo katika ndege hiyo, tofauti na ya abiria wa kiti cha nyuma.

Ndege ndogo nazizungumzia peke yake, kwa kuwa watu wa Pwani huzipanda sana kwenda Lamu na Maasai Mara. Katika Cessna Caravan umeketi hatua mbili nyuma ya rubani, hakuna mlango kati yenu, na antena na nyaya ziko karibu nawe kuliko zilivyo katika ndege kubwa. Ndege ya namna hiyo huruka chini zaidi pia, mahali ambapo minara inaifikia na simu zinaingia. Nikipanda huko, mimi mwenyewe huizima yangu kabisa kama ulivyofanya wewe, na sioni haya.

Safari ya Mombasa kwenda Nairobi nayo ina tabia yake. Haifiki saa moja hewani, na sehemu kubwa ya muda huo ni kupanda na kushuka. Kupanda na kushuka chini ya futi 10,000 ndicho kipindi ambacho marubani hukatazwa hata kuongea mambo yasiyo ya kazi, kwa kuwa ndipo penye shughuli nyingi na ndipo ajali nyingi hutokea. Ni kipindi hicho hicho ambacho simu za abiria hupata mtandao. Nimeketi mara nyingi nikirudi nyumbani, nikasikia milio ya ujumbe ikianza kuingia mara tu hori ya Port Reitz inapoonekana dirishani, na ndege bado haijagusa njia. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2003 na watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, waliopanda ndege za kawaida na chombo cha kupimia mawimbi, ulikuta simu moja hadi nne zikipigwa katika kila safari wakati zilikuwa zimekatazwa kabisa. Kwa hiyo kijana wako si wa kwanza, na hakuna anayejidanganya kwamba kila simu imezimwa.

Kuhusu 5G, ambayo imezua maneno mengi, nitapita upesi. Januari 2022 mashirika kadhaa yalifuta baadhi ya safari za kwenda Marekani kwa hofu kwamba mitandao mipya ya megahezi 3,700 hadi 3,980 ingesumbua kipimakimo cha redio, ambacho hutumia megahezi 4,200 hadi 4,400. Wasiwasi ule ulihusu hasa minara yenye nguvu iliyo karibu na viwanja vya ndege. Haukuwa juu ya simu iliyo mkononi mwa abiria.

Kuna hatari moja ya simu ambayo mimi naiogopa kuliko mawimbi yote niliyoyataja, na kuizima hakuiondoi: betri. Betri ya lithiamu iliyoharibika yaweza kuwaka yenyewe, na moto wake hujirudia hata baada ya kuzimwa. Ndiyo sababu Marekani iliipiga marufuku simu ya Samsung Galaxy Note 7 ndani ya ndege Oktoba 2016. Ndiyo sababu pia pawabenki hairuhusiwi katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, ambako hakuna mtu wa kuuona moshi. Ibebe mkononi, na isizidi wati-saa 100 bila idhini, ambayo ni kama miliampea-saa 27,000. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini huko Busan, Korea Kusini. Wote waliokuwamo walitoka hai, na wachunguzi waliishuku pawabenki. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates hawaruhusu pawabenki itumike ndani ya ndege zao, na mashirika mengine yameweka masharti kama hayo. Simu ikikuponyoka na kuzama kati ya viti, usikisogeze kiti kuitafuta, maana kiti huiponda betri. Mwite mhudumu.

Safari ijayo basi, mama, gusa hali ya ndegeni kabla mlango wa ndege haujafungwa. Hiyo hukata mawasiliano na minara, na picha za mjukuu ulizokwisha kuzihifadhi utaendelea kuzitazama. Ukitaka kuizima kabisa, hakuna atakayekukataza, ila ifute kengele ya kuamshia kwanza kama una simu ya vibonyezo ya zamani, kwa sababu baadhi yake hujiwasha zenyewe ili kukuamsha. Ukifika, ngoja ndege iiache njia ya kutua na tangazo litolewe. Minara ya Embakasi iko pale pale nje ya dirisha, na binti yako atakuwa amepata ujumbe wako kabla hujaufungua mkanda.